Umeajiriwa wizara ya ulinzi na wewe ni raia? Soma hii kabla hujaripoti

Watu wakisikia umepata kazi wizara ya ulinzi wanadhani umeenda jeshini. Hapana bana. Mimi nimekaa upande wa mipango na bajeti kwenye wizara ya aina hiyo, raia kabisa, sina hata buti, na kitu ninachomwambia kila anayeingia ni kimoja: ile chati ya muundo utakayopewa isome mara mbili, mara ya kwanza fuata amri, mara ya pili fuata pesa, maana hizo njia mbili hazipiti kwa watu walewale.

Tuanze na amri. Waziri mara nyingi ni mwanasiasa, kazi yake sera na kujibu bungeni, na nchi nyingi amri yenyewe iko kwa rais kama amiri jeshi mkuu. Ila usikariri, kila nchi na yake. Ujerumani wakati wa amani waziri wa ulinzi ndiye mwenye amri ya majeshi, nchi ikishambuliwa na hali ya ulinzi ikatangazwa amri inahamia kwa chansela. Marekani ndo inachanganya wengi, wanamwona yule jenerali mwenyekiti wa wakuu wa majeshi kwenye tivii wanadhani ndo anaamrisha vikosi, kumbe sheria ya 1986 inamfanya mshauri mkuu tu, amri inatoka kwa rais, inapita kwa waziri, inaenda kwa makamanda wa kamandi za mapigano. Nyota nne begani na kikosi hakiamrishi!

Pesa sasa. Hapa mtu wako ni katibu mkuu, yule raia mpole asiyeonekana kwenye gwaride, kwa nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza huyu ndiye afisa masuuli wa wizara, yaani mwenye kuwajibika kwa pesa zake, hesabu zikienda vibaya ndiye anayeitwa na kamati ya bunge. Halafu uliza mafungu ya bajeti yamegawanywaje. Mfano Tanzania fungu 57 ni la wizara yenyewe, 38 la Ngome, yaani jeshi lenyewe, na 39 la JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa hiyo mtu akikuambia "pesa ya ulinzi" bila kutaja fungu, hajakuambia kitu.

Na jiandae kwa mivutano ya kamandi aisee. Uingereza hadi 1964 jeshi la majini, la nchi kavu na la anga kila moja lilikuwa na wizara yake, ndo mwaka huo wakaziunganisha, lakini kuunganisha majengo ni rahisi kuliko kuunganisha maombi ya bajeti. Anga wanataka yao, majini yao, na kila ombi limeandikwa "kipaumbele cha kwanza". Usibishane na kamandi moja moja, utaumia bure, rudisha yote makao makuu ya jeshi wayapange wenyewe kwa namba halafu ndo uanze hesabu zako.

Tafuta pia mahali ambapo hizo njia mbili zinakutana, mara nyingi ni baraza fulani. Kenya katiba ya 2010 imelitaja kabisa: waziri ndiye mwenyekiti, wapo mkuu wa majeshi, makamanda watatu na katibu wa wizara. Ukijua baraza kama hilo linakaa lini utajua dokezo lako, ile barua fupi ya ndani ya ofisi, linatakiwa kufika lini, hii imeniokoa sana.

Vyeo jifunze mapema, kumwita kanali "meja" kunakufungia milango. Na andika kila kitu kwenye faili, maafisa wa jeshi wanahamishwa hamishwa sana, mliyekubaliana naye kwa mdomo kesho yuko kikosini mbali na mrithi wake hana habari.

La mwisho, waziri mpya akiwa jenerali mstaafu. Binafsi sipendi sana, anawajua wote waliokuwa chini yake kwa hiyo anapiga simu moja kwa moja kikosini na katibu mkuu anabaki anashangaa. Marekani sheria inataka awe ameacha jeshi miaka kadhaa kwanza, na bado bunge lao limeruhusu kuiruka, kwa majenerali wastaafu Marshall 1950, Mattis 2017 na Austin 2021. Ukimpata wa hivyo, kila agizo la simu lifuatishie dokezo siku hiyohiyo, hata la mistari miwili, nakala kwa katibu mkuu.