Mchicha, Maharage na Kikombe cha Chai: Kwa Nini Damu Haipandi?

SWALI: Ndugu mshauri wa lishe, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, mwenye umri wa miaka 34. Miezi miwili iliyopita nilipimwa wingi wa damu nikaambiwa ni 9.8, nikashauriwa kula mboga za majani kwa wingi. Tangu siku hiyo nala ugali kwa mchicha au matembele kila mchana, na wali kwa maharage kila jioni, kisha nateremshia kwa chai ya rangi. Wifi yangu naye hunitengenezea juisi ya rozela ili damu iongezeke. Juma lililopita nilipima tena nikakuta 10.0 tu. Je, mboga zetu hazina nguvu, au mwili wangu una kasoro?

JIBU: Dada yangu mwalimu, mchicha hauna kosa, wala sioni katika barua yako dalili ya mwili wenye kasoro. Ninachokiona ni kile kikombe cha chai ulichokitaja kwa kupitia tu.

Katika mwili wa mtu mzima mna gramu 3 hadi 4 tu za madini ya chuma, na karibu theluthi mbili yake imo ndani ya himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake na kuchukua oksijeni mapafuni ili kuifikisha kwenye misuli, ubongo na kila kiungo. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Ikizeeka huvunjwa katika wengu na ini, na chuma chake hurudishwa kwenye uboho wa mifupa ili kitengeneze chembe nyingine. Kwa njia hiyo mwili hujirudishia miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku, hata ikawa inatosha kufyonza miligramu 1 au 2 tu kutoka kwenye chakula. Kiasi hicho ni kidogo mno, na bado wanawake wengi hawakipati, kwa sababu chuma kilichomo chunguni si chuma kinachoingia katika damu.

Chuma cha nyama, maini na samaki hufyonzwa kwa urahisi, kwa kuwa hupita katika ukuta wa utumbo kikiwa kimefungwa ndani ya umbo lake lenyewe. Chuma cha mchicha na maharage huingia wazi, bila kinga, na chochote kinachokutana nacho njiani kinaweza kukinasa. Tanini za majani ya chai ndizo hodari wa kazi hiyo: hushikamana na chuma tumboni, na vikishashikamana hupita pamoja hadi chooni. Chai nzito inayonywewa pamoja na mlo wa mboga na nafaka inaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma kwa zaidi ya nusu, na kahawa nayo hupunguza, ingawa si kwa kiasi hicho. Sikuombi uache chai. Ninakuomba uinywe peke yake, saa moja au mbili baada ya mlo, na hilo tu litabadilisha thamani ya chakula kile kile unachokula sasa.

Mahali pa chai mezani weka kitu chenye vitamini C, ambayo hufanya kinyume cha tanini, kwa maana hukiweka chuma cha mboga katika hali ambayo utumbo unaweza kuipokea. Pera moja la kawaida lina vitamini hiyo mara kadhaa kuliko chungwa, na Morogoro mapera si adimu. Limau nalo linafaa sana, ila ulikamulie kwenye mchicha baada ya kuuepua, kwani moto huiharibu vitamini hiyo. Ukiweza, changanya dagaa kidogo katika maharage. Si kwa sababu ya chuma cha dagaa peke yake, bali kwa kuwa nyama ya samaki husaidia hata chuma cha maharage kufyonzwa. Maharage yenyewe yaloweke usiku kucha na kuyamwaga maji yake, kwa kuwa fitati iliyomo katika kunde na nafaka, ambayo nayo hukishika chuma, hupungua kwa kulowekwa, na hupungua zaidi nafaka inapooteshwa au kuchachushwa, kama bibi zetu walivyofanya walipotengeneza togwa.

Kuhusu rozela, wifi yako ana nia njema, lakini wekundu wa juisi ile ni rangi ya ua wala hauhusiani na wekundu wa damu. Ndivyo ilivyo kwa kiazisukari chekundu pia. Vinywewe kama vinywaji, si kama dawa.

Hata hivyo, nitakuwa sikutendei haki nikiishia jikoni. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu anapokuwa chini ya 12 (yaani gramu za himoglobini katika desilita moja ya damu), kwa hiyo 10.0 ni upungufu wa kutibiwa, na inanisikitisha kwamba wanawake wengi huondoka kliniki na ushauri wa mboga pekee. Kila mililita moja ya damu inayopotea hutoka na takriban nusu miligramu ya chuma. Basi mwenye hedhi nzito hupoteza kwa siku chache kile ambacho mchicha wa majuma mengi haukifidii. Rudi kituoni ukaulize mambo haya: kama hedhi yako ni nyingi kupita kawaida, kama una minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu utumboni, kama umeugua malaria hivi karibuni, na kama unahitaji vidonge vya chuma. Ukipewa vidonge hivyo, usivimeze kwa chai wala maziwa, usishtuke choo kikiwa cheusi, na usiviache mara damu inapopanda, kwa kuwa akiba iliyoko kwenye ini huchukua miezi mingine kujaa. Vihifadhi mbali na watoto. Vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi sita, nipo Tanga. Natamani udongo kila siku na ninaununua sokoni. Bibi yangu anasema udongo una madini. Je, niendelee?

JIBU: Mama, tafadhali acha, na usione haya kumweleza muuguzi wa kliniki, kwa kuwa tamaa hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Ni kweli udongo una madini, lakini mfinyanzi ukifika tumboni hukinasa chuma cha chakula chako, na unaweza kuleta mayai ya minyoo na hata madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ujauzito mzima hudai takriban miligramu 1,000 za chuma, kwa ajili ya mtoto, kondo na damu yako inayoongezeka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Kama fefo (vidonge vya chuma na asidi ya foliki) ulizopewa kliniki zinakuchafua moyo, zimeze usiku kabla ya kulala. Maini usiyafanye chakula cha kila siku, kwa sababu vitamini A iliyozidi humdhuru mtoto aliye tumboni. Dagaa na nyama kidogo vinatosha.