Kuyeyusha plombi nyumbani kwa ajili ya vizito vya wavu: jibu kwa ndugu wa Bagira

Ndugu wa Bagira, umesema una nyavu mbili za kutega tilapia upande wa Katana, kwenye Ziwa Kivu, vizito vya dukani vimekushinda bei, na fundi wa garaji amekuahidi batri mbili za gari zilizokufa pamoja na gunia la mabaki ya plombi. Unauliza uanze na nini, na kama mbabula ya nyumbani, yaani jiko la makala (makaa), inatosha.

Mbabula inatosha. Plombi, ile metali laini inayoandikwa risasi vitabuni, inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na makala yaliyoshika vizuri yanapita hapo bila shida. Nimekuwa nikimimina vizito vyangu na vya majirani hapa Bukavu kwa miaka mingi, na moto haujawahi kuwa kikwazo. Ninachokihofia kwako ni hizo batri, na mahali utakapowasha huo moto.

Batri zirudishe kwa fundi leo hii. Bamba zake zimepakwa ujiuji wa oksidi na salfeti ya risasi, na zote zimelowa asidi ya salfuri. Ukizitia kwenye mbabula utapata plombi kidogo sana, na zaidi utapata moshi unaowasha kifua na vumbi la kijivu linalokaa kwenye udongo wa uwanja wako miaka na miaka. Kule Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watu walikuwa wakichekecha mchanga ili kuokota mabaki ya plombi za batri, na kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa. Mombasa nako, mtaa wa Owino Uhuru uliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha batri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Wale wa Thiaroye walikuwa watu wa kawaida, na kazi yao ilifanyika milangoni mwao, kama unavyotaka kuifanya wewe.

Sasa hilo gunia la mabaki. Limwage chini na ulipekue kipande kwa kipande kabla hujafurahi. Huku kwetu Kivu, mtu akikuletea mabaki ya plombi ujue huenda ndani yake mna vitu vilivyookotwa mashambani: maganda ya risasi zilizopigwa, vichwa vya risasi za bunduki, na wakati mwingine risasi nzima ambayo haijalipuka. Watoto huviokota na kuviuza kwa kilo pamoja na vyuma vingine. Risasi nzima ikiingia kwenye sufuria ya moto itapasuka usoni mwako. Ganda lisilo na kichwa pia huenda bado lina fataki yake, kile kiwashio cha baruti, kitakoni, usilitie. Na ukikuta kitu kikubwa zaidi usichokifahamu, chenye mapezi au chenye pete, kiache palepale, ondoa watu, toa taarifa. Usikibebe kukipeleka popote. Mimi gunia likiwa na kitu cha vita hata kimoja silinunui kabisa, kwa sababu aliyelijaza hakuchagua.

Malighafi nzuri ni vile vizito vidogo vinavyogongwa kwenye ukingo wa rimu kusawazisha magurudumu, vizito vya nyavu zilizochakaa, na mabomba ya maji ya nyumba za zamani. Vya magurudumu uvikague. Gari nyingi zinazofika kwetu zimetoka nje, na Ulaya ilipiga marufuku vizito vya plombi kwenye gari ndogo tangu 2005, kwa hiyo vingi vya siku hizi ni vya zinki au chuma. Plombi unaikata kwa koleo kama unakata jibini ya Masisi, inabaki na alama laini inayong'aa. Zinki inakataa, na ukiiangusha kwenye saruji inalia. Ukiwa na mashaka, punguza moto: zinki inahitaji nyuzi karibu 420, kwa hiyo moto ukiwa wa wastani itaelea juu ikiwa nzima nawe utaiopoa. Ukizidisha moto ikachanganyika, plombi yote inakuwa nzito kama uji na haijazi tena umbo.

Mahali. Usifanye kwenye parsele, yaani kiwanja cha nyumba, ambayo watoto wanacheza, hata kama utawafukuza asubuhi hiyo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu najua nyumba za Bagira zilivyobanana. Kwa joto la kazi yetu, mvuke wa plombi ni mdogo. Vumbi ndilo baya: yale makapi ya kijivu yanayoelea juu, ukiyakoroga yakikauka yanakuwa unga, unga unashika nguo, mikono, viatu, kisha unaingia ndani na kushuka kwenye mkeka ambako mtoto anatambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha plombi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inaharibu ubongo unaokua, kwa mama mjamzito inavuka na kumfikia aliye tumboni, na kwa mtu mzima inajificha kwenye mifupa na kupandisha shinikizo la damu. Mtu anaweza kuwa nayo bila kuumwa chochote.

Kwa hiyo tafuta mahali pa wazi kando, penye hewa inayopita, upepo ukupige mgongoni. Vaa nguo za kazi hiyo tu, zifuliwe peke yake na wewe mwenyewe, usimpe mke wala dada wa nyumbani. Viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, suruali ishuke juu ya kiatu isitumbukizwe ndani, glavu za ngozi, na miwani. Usile, usivute sigara, usitafune chochote hadi umenawa kwa sabuni, na kucha pia. Kama nyumbani hapana pa kufanyia hivyo, usianze. Nenda kwa mvuvi mwenye sehemu yake mkapange siku.

Chombo kiwe cha chuma kizito. Sufuria ya aluminiamu hapana, inalegea ikipata moto mkali na kitako kinaweza kuachia. Mabati ya rangi ya fedha yamepakwa zinki, nayo hapana, na kopo la maziwa lililounganishwa kwa solda litafunguka kwenye mshono. Sufuria hiyo na upawa wake havirudi jikoni kamwe. Mimi nimevitoboa matundu kwenye mpini ili mtu yeyote nyumbani avijue. Anza na kidogo. Watu wanasahau kwamba lita moja ya plombi ni zaidi ya kilo 11. Nusu kikombe kinatosha siku ya kwanza, na sufuria yenye plombi ya maji hainyanyuliwi, unachota kwa upawa ikiwa palepale juu ya mafiga.

Jambo la kuogopa kuliko moto wenyewe ni maji. Tone likinaswa chini ya plombi iliyoyeyuka linageuka mvuke ghafla na kuirusha yote hewani. Nilimwona jirani mmoja wa Nguba akitupia kizito cha wavu wa zamani kwenye sufuria iliyokwisha yeyuka. Kwa nje kilionekana kikavu. Ndani ya tundu lake palikuwa na kipande cha kamba kilichonywa maji ya ziwa. Plombi iliruka ikapiga ukuta juu ya kichwa chake, na asubuhi yake tuliikuta imeganda pale kama matone ya fedha. Alisalimika kwa kuwa alikuwa ameinama kuchukua koleo. Kwa hiyo vizito vya zamani toa kamba yote, vianike juani siku kadhaa, halafu vitie sufuriani ikiwa bado baridi, vipate joto pamoja nayo. Ukitaka kuongeza kingine katikati, kiweke kwanza pembeni ya mbabula kipate moto. Na tangu Septemba hadi Mei, hapa kwetu ambapo mvua haikupi taarifa, kazi hii iwe chini ya paa lililo wazi pande zote. Mimi nyingi naifanya Julai.

Ikishayeyuka, tupia kipande cha mshumaa kikubwa kama punje ya maharage, simama kando maana moshi wake unaweza kushika moto, koroga ukikwangua kitako. Uchafu unapanda, plombi chini inabaki iking'aa kama kioo. Chota makapi taratibu uyaweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Kopo hilo ndilo lenye sumu kuliko vyote: usilimwage bustanini, shimoni wala ziwani. Uso wa plombi ukianza kupiga rangi ya manjano na zambarau haraka kila ukiusafisha, moto umezidi, vuta makala.

Umbo usilihangaikie. Wanaoanza wanataka kuchonga kalibu nzuri za plasta, na plasta ambayo haijakauka hadi ndani ni yaleyale ya maji. Tafuta kipande cha chuma chenye umbo la U, upana wa sentimita 3 hivi, ziba ncha zake kwa vipande vya chuma. Kipitishe juu ya moshi wa mshumaa hadi ndani kuwe na masizi meusi, hayo ndiyo yanaizuia plombi kushika. Kipashe joto, kilaze sawa kabisa, mimina kwa mkupuo mmoja hadi unene wa milimita 3. Utaiona inapoteza mng'ao kuanzia pembeni kuelekea katikati. Ikishafifia yote, hesabu dakika chache kisha kipindue. Unapata utepe. Ukate kila sentimita 5, kila kipande kina karibu gramu 50, kikunje kwenye kamba ya chini ya wavu na ukigonge kwa nyundo ya mbao, maana ya chuma inakata kamba. Usikisugue kwa tupa wala msasa, ni vumbi tena.

Kabla hujanunua chochote lakini, fikiria mawe. Plombi ikiwa majini inapoteza karibu asilimia 9 tu ya uzito wake, jiwe la kawaida linapoteza kama asilimia 38. Maana yake kilo moja ya plombi inafanya kazi ya kilo moja na nusu ya mawe. Pengo hilo si kubwa kama wauzaji wanavyokuambia. Kwa wavu wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, unaoshushwa na kupandishwa, mawe kwenye pembe yanatosha kabisa. Ubaya wa mawe kwenye wavu wa kutega ni kunasa nyuzi wakati wa kuvuta, na ndiyo sababu pekee mimi nabaki na plombi. Vigae vya udongo vilivyochomwa, vya duara na tundu katikati, havinasi sana, na mfinyanzi yeyote anaweza kukutengenezea gunia zima.

Ningekuwa wewe, wavu mmoja ningeufunga vigae, wa pili plombi ya magurudumu, nikazitega mahali pamoja nione. Andika hapa urefu wa kila wavu na idadi ya maboya yake, tukupigie hesabu ya uzito unaohitaji.