Jibu: Kidato cha pili hawaulizi maswali ya fizikia

Mwalimu, umeuliza utawaamshaje wanafunzi wakati shule haina maabara. Anza na kisa cha Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kitanzania. Mwaka 1963, akiwa Magamba Sekondari, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuchemsha yake. Alipouliza darasani kwa nini ya moto yaliganda kwanza, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakacheka, Osborne akaagiza jambo lijaribiwe, na 1969 wakachapisha makala pamoja.

Usiwape jibu (wanasayansi wenyewe bado wanabishana). Kicheko kile kikitokea darasani kwako, kikatize papo hapo. Mtoto akichekwa mara moja haulizi tena. Kisha muombe jirani anayeuza barafu nafasi kidogo kwenye friza: vikombe viwili vinavyofanana, maji kipimo kimoja, kimoja moto, kingine baridi. Waandike makisio kwanza. Matokeo yakigongana, ndipo utamu unapoanza: friza ilifunguliwa mara ngapi? Nani aliweka kikombe karibu na ukuta? Maji ya moto mimina wewe mwenyewe.