Namna ya Kumtambua Kigogota wa Ardhini

Kwa yeyote anayetaka kumwona kigogota wa ardhini, yule ambaye wanasayansi humwita Geocolaptes olivaceus, ushauri wangu wa kwanza ni kuacha kutazama miti. Ndege huyu anapatikana Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini pekee, naye huishi kwenye miteremko ya nyasi fupi na mawe mengi, kuanzia pwani ya Rooi-Els hadi juu kabisa katika milima ya Drakensberg.

Mimi hutanguliza masikio. Mlio wake ni mkali na wa kukwaruza, husikika kutoka mbali, na nikishausikia hugeuza darubini kwenye ncha za mawe, nikizipitia moja baada ya nyingine bila haraka, kwa kuwa kundi dogo la familia linapokula chini, mara nyingi mmoja hubaki juu ya jiwe akilinda. Huyo mlinzi ndiye wa kumchunguza vizuri: kichwa ni cha kijivu, jicho limepauka, mgongo ni wa kahawia iliyochanganyika na kijani kibichi na una madoadoa meupe, na tumbo lina wekundu wa waridi. Usitafute utosi mwekundu kama wa vigogota wengi, maana hana. Dume huwa na wekundu kidogo kwenye mashavu, lakini ni hafifu mno kiasi kwamba mimi siutegemei nikiwa mbali.

Wapo ndege wengine wa majabali wenye tumbo la rangi ya chungwa, na hao ndio huwachanganya wageni. Hapo tazama mdomo, ambao kwa kigogota ni mrefu na imara, kisha subiri aruke, kwa sababu wekundu ulio juu kidogo ya mkia huonekana waziwazi wakati huo.

Akiwa anakula, mwache ale. Chakula chake ni sisimizi karibu pekee, na kumtazama akifanya kazi hiyo kunapendeza sana: huruka-ruka kwa miguu yote miwili, huchimbua udongo kwa mdomo hadi vumbi likatimka, kisha huingiza ulimi mrefu wenye kunata ndani ya tundu na kuwaramba.

Ukikuta shimo kwenye ukingo wa mto au kwenye udongo uliokatwa kando ya barabara, naye akiingia na kutoka, hicho ni kiota chake. Rudi nyuma na umtazame kwa mbali.