Tumbo lilivyoniumbua kwenye posa Newala

Mwaka juzi tulienda Newala kupeleka posa ya binamu yangu, na kwetu Wamakonde mambo hayo wanaongea wajomba, sisi vijana kazi yetu kukaa mkekani na kuinamisha kichwa. Tulitoka Mtwara alfajiri, nimekunywa chai ya rangi tupu bila kitafunwa, tumefika saa tano, salamu zikawa ndefu weee, mwisho mjomba wa binti akauliza "haya wanangu, mmefuata nini?" Kimya. Hapo ndo tumbo langu likaona lijibu lenyewe, grrruuuuu, refu, na mwishoni likapanda kama linauliza swali. Mzee akanitazama akasema, "Naona huyu kijana hakuweza kumsubiri mshenga."

Nilicheka na wenzangu ila moyoni nilijua nina shida, maana tumbo langu lilikuwa hivyo miaka. Bibi anasema chango, mtaani wanasema minyoo inadai chakula chake, basi mimi nikawa nanunua dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo bila hata kupima. Hela ilienda bure jamani. Jirani yangu ambaye ni nesi ndo alinikalisha chini.

Chukua dumu la maji limejaa pomoni, litikise. Halisemi kitu. Mwaga nusu, litikise tena, unasikia chubwi chubwi. Basi tumbo na utumbo ni misuli, inakamua muda wote, sasa kukiwa na chakula sauti inamezwa, kukiwa kumebaki hewa na majimaji tu ndo kelele zote mnazisikia mpaka nyumba ya pili. Wataalamu wanaita borborigimi, neno la Kigiriki, utadhani tumbo limejitungia jina lenyewe.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba huo mngurumo wa njaa ni usafi. Ukikaa bila kula, kila baada ya dakika 90 mpaka 120 hivi linapita wimbi la misuli kuanzia tumboni kushuka utumbo mwembamba wote, na ule una kama mita 6, linafagia mabaki ya chakula na bakteria kupeleka chini. Ukila kitu, hata kidogo, ufagio unasimama. Na mimi dukani kwangu nina bakuli la korosho za kukaanga pale kaunta, nadokoa tangu asubuhi mpaka nafunga, halafu nalalamika tumbo limejaa halishuki! Siku hizi naacha kama masaa manne kati ya mlo na mlo, nakunywa maji tu, mimi imenisaidia sana.

Mngurumo mwingine ni wa baada ya kula, huu unakuja na gesi na tumbo linakuwa kama ngoma. Mbaazi zina aina ya sukari ambayo sisi hatuwezi kuisaga, inafika utumbo mpana nzima nzima, bakteria wanaichachua, gesi inatoka hapo. Loweka usiku kucha, yale maji mwaga, pikia mengine (bibi alikuwa anafanya hivi na hakusomea popote). Kama maziwa ndo yanakuvuruga huenda mwili wako hausagi sukari yake vizuri, wengi wetu tukishakuwa wakubwa tuko hivyo. Na punguza soda na kula kama unafukuzwa, hewa unayomeza lazima itafute njia.

Kelele peke yake siyo ugonjwa. Ila kama kuna maumivu yasiyoisha, damu kwenye choo, unakonda bila sababu au unaharisha wiki na wiki, nenda ukapimwe, usifanye ujinga wangu wa dawa za kubahatisha. Na tumbo likivimba, linauma, unatapika, hupati choo wala upepo hautoki, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Posa ilipokelewa lakini. Siku ya kupeleka mahari nilinunua fungu zima la ming'oko (vile viazi vya porini vya kwetu kusini) na chumvi na pilipili, nikamaliza kabla hatujapanda gari, kikao kikapita tumbo kimya kabisa. Shida ilikuja wakati wa kurudi, nimeshakula mbaazi za nazi za ukweni sahani mbili, na ndani ya Noah hakuna aliyeniuliza kitu, walishusha vioo tu mmoja mmoja.