Regyuleta inavuta vizuri juu ya boti, je inatosha?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nimeanza kuongoza wazamiaji hapa Nungwi msimu huu, nimenunua regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, ya mtumba kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Nikijaribu juu ya boti inavuta vizuri kabisa, ila hozi inayokuja mdomoni ina vipasuko karibu na kile kichwa kinachofungwa kwenye mtungi. Jamaa kaniambia nizungushie selotepu nyeusi na oringi, zile pete za mpira za kuziba maungio, nipake vaseline, itanivusha mpaka msimu uishe. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Si sawa, na hiyo hozi usizamie nayo hata mara moja, bei ya hozi mpya haifiki popote ukilinganisha na roho yako. Hilo tumemaliza. Kinachoniuma mimi ni hayo maneno "juu ya boti inavuta vizuri", nayasikia kila wiki, tena mpaka kwa watu waliokaa baharini miaka kumi.

Juu ya boti presha inayokuzunguka ni bar 1. Ukifika mita 30 ni bar 4, maana yake pumzi moja inabeba hewa mara nne ya ile uliyovuta ukiwa umekaa ubaoni, na yote inatakiwa ipite kwenye kichwa kile kile na hozi ile ile. Njia ikiziba nusu, ukiwa juu huwezi kujua, utajua kule chini mwenzako kaishiwa hewa na mnavuta wawili mtungi mmoja. Niliwahi kuletewa hozi ya nyuzi, zile laini zinazokunjika, nje inang'aa kama imetoka dukani jana, mwenyewe analalamika akishuka inakuwa nzito kidogo ila juu haina shida. Nikaikata kwa kisu, ndani imejaa chembe ngumu kama sukari, ile ngozi ya ndani imeharibika na joto ikaanza kuziba njia. Kazamia nayo mwezi mzima!

Sasa yako. Vuta nyuma ule mkono wa plastiki unaofunika maungio, watu wengi hawauvuti kabisa na nyufa zinakaa humo humo, chumvi na unyevu havitoki. Kunja hozi taratibu kwa vidole, ufa ukifunguka ukaona nyuzi za ndani, au kuna sehemu imevimba, kazi yake imeisha. Na wengi wanaogopa ile hozi ya geji, kipimo cha presha ya mtungi, kwa sababu inabeba presha yote ya mtungi, bar 200, kumbe ile inapokea hewa kupitia katundu kama ka sindano, ikipasuka mtungi unaisha pole pole na unapata muda wa kupanda. Hii ya mdomoni ina kama bar 10 tu lakini njia yake pana, ikipasuka ndiyo inayomwaga hewa kwa kasi. Selotepu haishiki bar 10 mdogo wangu, inakufichia ufa unaoendelea kukua.

Vaseline ni mafuta ya petroli, kuna mpira inauvimbisha, inashika mchanga, na kwenye mtungi wenye oksijeni nyingi inaweza kuwasha moto. Kwa mtungi wa hewa ya kawaida ni grisi ya silikoni, kidogo sana, na oringi iliyokuwa bapa au yenye mkato haipakwi kitu, inabadilishwa.

Kabla hujafungua mtungi vuta hewa mdomoni, hewa ikiingia ujue kuna tundu kwenye diaframu (ile ngozi ya mpira ndani ya kipande cha mdomoni), kwenye vali ya kutolea pumzi au kwenye mpira wa kung'ata. Ukishafungua vuta pumzi nzito tatu nne macho yakiwa kwenye geji, mshale ukicheza kila ukivuta basi mtungi haujafunguka wote au filta, kichujio cha hewa kwenye kile kichwa, imeziba. Filta yenyewe iangalie kwa tochi, kijani ni maji ya chumvi yameingia, nyekundu ni kutu ya mtungi wa chuma.

Hawa mafundi wa kubahatisha pwani yetu wamekuwa wengi mno, oringi wanachukua kwa fundi bomba, diaframu iliyotoboka wanaziba kwa gundi, na ndio hao hao wanaowafungia wazamiaji wa majongoo bahari kompresa ya kujazia matairi, mtu anavuta moshi wa injini akiwa chini ya maji halafu akipanda kichwa kinamuuma anaambiwa ni uchovu. Jamani, kifaa cha kumpa mtu pumzi hakitengenezwi kwa kukisia! Anayekufanyia sevisi muulize anatumia kiti, yaani seti ya vipuri, ya kampuni iliyotengeneza hiyo regyuleta au ameokoteza, na akimaliza akurudishie vipuri vya zamani uvione mkononi.

Yako kwa vile hujui imepita wapi, ifunguliwe yote, si hozi peke yake. Na hiyo hozi ukishaitoa ikate vipande vipande kabla hujaitupa, nimeshaona hozi iliyotupwa jalalani ikirudi mezani kwangu kwenye regyuleta ya mtu mwingine, imezungushiwa selotepu.