Redio ya valvu ya babu: usiichomeke kwanza

Kaka, umeuliza kama vipuri vya redio ya Fisher 500-C ya marehemu babu, iliyokaa kabatini Ngamiani, Tanga, miaka yote, ni bora kuliko vya leo, na kama uiwashe tu. Tafadhali usiiwashe. Hiyo ni ya Marekani, inataka volti 120, na soketi yako inatoa 230. Tafuta transfoma ya kushusha umeme.

Transfoma zake za ndani ni kazi nzuri kwelikweli, zitunze kama dhahabu. Zile valvu nne za nguvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), aina ya 7591, usizitupe kabla hazijapimwa.

Ugonjwa uko kwenye kapasita, vile vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme. Zile kubwa za kuchuja umeme hukauka, na ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya nguvu ikianza kuvuja, umeme wa DC (wa mkondo mnyoofu) huingia kwenye gridi, yaani waya wa ndani ya valvu unaodhibiti mkondo, valvu inavuta mkondo kupita kiasi, bati lake la ndani linaiva jekundu. Nililiona hilo Chumbageni kwenye redio ya mjomba: nyaya za transfoma ya spika zilikuwa zimeshaungua, nyumba nzima inanuka lami. Kapasita mpya za filamu ya plastiki zinazishinda za zamani, badilisha bila huruma.

Rezista za kaboni, vipuri vinavyozuia mkondo, nazo hufyonza unyevu, na pwani yetu hii unyevu haukosekani. Nimepima moja iliyoandikwa kilo-omu 100, ikasoma 140. Pima kila moja. Na ukishaiwasha, hata ukiizima usiguse ndani haraka, kapasita hubaki na mamia ya volti.